Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Kwa mujibu wa katiba yetu, naleta mbele yenu taarifa ya chama chetu cha kusoma na kujadili sheria za kimataifa hapa Mtwara Mjini, Januari hadi Desemba 2025. Kwanza tuwakumbuke wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki, na tumpe pole Mtunza Hazina kwa kuuguliwa muda mrefu.

Vikao vya mwezi tulipanga 11, vikafanyika 7, vinne vilivunjika kwa kukosa akidi. Februari tulisoma habari za mpaka wa Ruvuma na jinsi Mkataba wa Versailles wa 1919 ulivyosababisha Kionga, kipande cha ardhi kusini ya mto huo, kwenda kwa Wareno waliotawala Msumbiji. Aprili ilikuwa zamu ya amani: wajibu wa nchi kwa wakimbizi chini ya Mkataba wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, pamoja na kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) kilichoingia Cabo Delgado, Msumbiji, kupambana na waasi mwaka 2021 na kumaliza kazi 2024. Wenye ndugu ng'ambo ya mto hawakuhitaji kuelezwa mada hiyo inatuhusu nini. Kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa Oktoba 2020 kilikuwa upande wetu. Juni tulijadili Eneo Huru la Biashara la Afrika, mkataba uliosainiwa Kigali mwaka 2018, na kama kawaida mjadala ukaishia kwenye korosho ghafi. Mihtasari yote anayo Katibu, sina haja ya kuirudia.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, nalo ni fedha za safari ya Arusha.

Ni kweli mfuko wa safari ulikuwa na shilingi 1,850,000 zilizochangwa kwa miaka mitatu ili twende kuiona Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ni kweli pia kwamba Jumamosi ya tarehe 9 Agosti kamati tendaji, nikiwa mwenyekiti wa kikao, iliamua fedha hizo zitumike kutafsiri, kuchapa na kusambaza kijitabu cha Kiswahili cha maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kuchapa nakala 500 kulikula 1,000,000. Nauli, pantoni ya Msangamkuu na maji ya kunywa kwenye mikutano minne ya pwani vilikula 420,000. Zimebaki 430,000, ziko benki, na risiti zote ziko kwenye faili la kijani hapo mezani. Tafsiri niliifanya mwenyewe, usiku, kwa wiki tano, na sikuchukua hata senti.

Nimeambiwa nimevunja katiba. Nimeisoma katiba hiyo kuliko mtu yeyote katika chumba hiki, kwa kuwa mimi ni mmoja wa walioiandika. Inaipa kamati mamlaka ya kubadili matumizi pale ambapo jambo haliwezi kungoja, mradi mkutano mkuu uarifiwe. Ninawaarifu. Na wanaosema ningeitisha mkutano wa dharura wakumbuke kwamba kikao cha Agosti, chenye ajenda hiyohiyo, kilihudhuriwa na watu tisa.

Kwa nini jambo halikuweza kungoja? Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule Hague ilitoa maoni yake ya ushauri kuhusu wajibu wa nchi katika mabadiliko ya tabianchi. Majaji wote walikubaliana. Shauri hilo lilianzia kwa wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki mwaka 2019. Nchi ndogo ya Vanuatu ikalibeba, na Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaipelekea mahakama maswali. Maoni hayo yalitoka kwa Kiingereza na Kifaransa, kurasa zaidi ya 100. Mvuvi wa Msimbati angeyasoma wapi? Na sisi tunaojiita wasomaji wa sheria za kimataifa tungekuwa wapi, kwenye basi la Arusha tukipiga picha?

Mwenzetu mmoja aliandika kwamba maoni ya ushauri ni karatasi tu, hayamfungi mtu. Nimjibu kwa heshima. Hayafungi kama hukumu inavyofunga nchi mbili zilizoshitakiana, hilo liko kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu. Lakini mahakama haikutunga wajibu mpya. Ilieleza wajibu uliokwisha kuzifunga nchi chini ya Mkataba wa Paris wa 2015, Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 na sheria ya desturi ambayo hakuna nchi inayoweza kujitoa. Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyoko Hamburg, nayo ilikwisha kusema Mei 2024 kwamba gesi zinazopasha joto dunia ni uchafuzi wa bahari. Akina mama wa mwani tuliokutana nao Mgao walinyamaza kidogo niliposoma sehemu hiyo, kisha mmoja akauliza kama mahakama hiyo inajua mwani unavyooza maji yakichemka. Nilimwambia hiyo ndiyo habari yenyewe.

Msangamkuu mzee mmoja aliuliza swali ambalo sikulitegemea: bahari ikiendelea kula pwani, mpaka wetu wa majini utarudi nyuma pamoja na pwani? Nilishukuru Mungu kwamba nilikuwa nimetafsiri aya hiyo. Mahakama imesema nchi ikishaweka ipasavyo mistari yake ya msingi, yaani mistari ya pwani ambako mipaka ya majini huanza kupimwa, hailazimiki kuibadilisha kwa sababu bahari imepanda. Zile maili 200 za ukanda wa kiuchumi zinapimwa kutoka kwenye mistari hiyo. Watu walipiga makofi, na ndugu zangu, nilipata nguvu.

Sasa ukurasa wa 9, unaozungumzia gesi. Nimesikia maneno mengi, mengine mazito, kwamba mwenyekiti analeta uchochezi katika mji ambao gesi ya Mnazi Bay inawapa vijana wetu kazi. Sikuongeza neno. Mahakama imesema nchi isipochukua hatua zinazofaa kuzuia gesi zinazopasha joto dunia, ikiwa ni pamoja na katika uzalishaji wa mafuta na gesi, utoaji wa vibali vya utafutaji au ruzuku, inaweza kuwa imetenda kosa la kimataifa. Je, ningelitafsiri lote niache hilo kwa kuwa linatuuma? Na hao wanaolalamika hawakufika ukurasa wa 10, ambapo mahakama inasema mzigo hauko sawa, nchi zilizochafua kwa muda mrefu na zenye uwezo zinatakiwa kubeba zaidi. Hiyo ni silaha yetu sisi watu wa kusini, tulioona Mei 2024 barabara ikikatika huko Kilwa baada ya kimbunga Hidaya na bei za sokoni zikapanda. Nitausimamia ukurasa wa 9 mahali popote.

Nije kwenye mahudhurio, na hapa moyo wangu una uchungu. Wanachama ni 64. Waliolipa ada ya 12,000 ni 23, yaani 276,000; tunadai 492,000. Naelewa kuanzia Oktoba watu wako mashambani na minadani, na malipo ya korosho yana siku zake. Lakini Machi hakuna korosho. Mei hakuna korosho. Niliwahi kufungua ukumbi, nikapanga viti, nikakaa na Katibu mpaka saa moja usiku. Wengine waliokasirikia fedha za safari, nimeangalia daftari, mara ya mwisho walilipa mwaka 2022.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kusoma mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu ruzuku za uvuvi ulioanza kutumika tarehe 15 Septemba 2025, kwani meli kubwa zinazovua kwa ruzuku zinawagusa wavuvi wetu moja kwa moja. Tunatumaini pia kufika Lindi na Kilwa hali ikiruhusu, kupata wafadhili, na safari ya Arusha haijafutwa. Tutaona.

Nakala 140 za kijitabu bado ziko nyumbani kwangu Shangani, kwenye maboksi mawili sebuleni. Anayetaka kupeleka kijijini kwao aje baada ya saa kumi jioni, hata kama hajalipa ada.

Mwenyekiti