Muvi za mwaka huu, ukutani kwetu

Langoni, Lamu
20 Desemba 2025

Shoga yangu wa moyoni,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sote tu wazima, alhamdulillahi, ila kaskazi yavuma kwa nguvu wiki hii na mashua za Shela zapita zimelala ubavu. Mama akusalimu sana, na asema umemsahau.

Ama baada ya salamu, uliniuliza kwa simu ni muvi gani zilizonikaa rohoni mwaka huu, nikakwambia nitakuandikia. Sikuwa nakukwepa. Nilijua nikianza kuzungumza nitalia, na salio lilikuwa lako.

Nyingi zilitoka 2024, lakini huku hatuna ukumbi wa sinema, kwa hivyo mimi nauhesabu mwaka wa muvi tangu siku ilipofika ukutani kwetu. Ndiyo, ukutani. Binamu yangu alituachia projekta yake tangu Rajabu, na ule ukuta wa kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, wenye chokaa, ndio umekuwa kioo chetu. Una kidaka kimoja cha taa upande wa kushoto. Kila mtu akisimama pale, nusu ya uso wake yaingia kidakani. Tumeshazoea.

Na wajua kazi yangu katika nyumba hii. Mama asoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila kukwama, lakini yale maandishi ya chini ya muvi kwake ni siafu wanaopita. Tangu niko darasa la sita mimi ndiye mkalimani wake. Nakaa ubavuni, namnong'oneza: amwambia usiende, amwambia babako amekufa. Wewe ulikuwa ukisema mimi ni DJ Afro wa Langoni, kama yule msimulizi wa muvi. Naipenda kazi hii, wallahi, lakini ina hasara yake. Mkalimani haoni nyuso. Macho yake yako chini, kwenye maandishi, na muvi yapita juu.

Basi ya kwanza ni Flow, katuni ya Gints Zilbalodis, kijana wa Latvia. Ndani yake hamna binadamu hata mmoja, na halisemwi neno lolote mwanzo hadi mwisho. Maji yafurika dunia nzima. Paka mmoja apanda mashua isiyo na mwenyewe, na humo wakusanyika kapibara, mbwa, lemuri wa Bukini asiyeachana na kikapu chake cha vyombo, na yule ndege karani mwenye miguu mirefu, wa mbuga zetu hizi hizi za Kenya.

Nilikaa ubavuni kwa Mama kama desturi, nikafunua mdomo, nikakosa la kusema. Zikapita dakika kumi. Zikapita ishirini. Kisha Mama akaanza kunifasiria mimi! Babake alikuwa nahodha wa jahazi la boriti, nawe wajua hakuna asilolijua la chombo. Akanionyesha upepo watoka wapi. Akanionyesha ndege alivyoiegemea kana, ule mkono wa usukani, kwa kifua chake ili mashua isiende kombo. Paka aliposhika usukani mara ya kwanza, alinikamata mkono: "Hayui huyo, atawazamisha." Na baadaye, mashua ilipomtii paka, akasema polepole, kama anayesema na nafsi yake: "Ameyua."

Na yule paka, shoga! Masikio yamelala nyuma, mkia umefura, mguu mmoja wagusa maji na kurudi. Ni yule yule wa sokoni anayengojea utumbo wa samaki. Nimeishi na paka miaka yote katika mji huu, na sikuwahi kumwangalia paka mmoja kwa saa moja na nusu. Kesho yake nilitoka kununua mkate nikachelewa kurudi, nimesimama tu barabarani nikiwatazama.

Muvi hiyo ilifanywa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote aweza kuipakua bure, na mwezi wa Machi ikapata Oscar ya katuni, ya kwanza kwa nchi ya Latvia. Sauti walizochukua ni za wanyama wa kweli, ila ya kapibara waliona ni nyembamba mno, wakamtilia ya mtoto wa ngamia. Nilipomwambia Mama hakushangaa. Asema ngamia alimsikia tangu mwanzo.

Ya pili ni All We Imagine as Light ya Payal Kapadia, iliyopata Grand Prix kule Cannes 2024. Mama alifurahi aliposikia ni ya Kihindi, maana yeye Kihindi cha muvi akijua tangu usichana wake. Kumbe wale wauguzi wawili wa Mumbai ni watu wa Kerala, na wao kwa wao wasema Kimalayalam. Nikarudi kazini kwangu, nikanong'ona.

Prabha, mmoja wao, ameolewa, na mume yuko Ujerumani, hapigi simu tena. Siku moja yaja posta kutoka huko, haina barua wala jina. Ni jiko la umeme la kupikia wali, jekundu, jipya. Usiku Prabha akaa sakafuni, alikumbatia lile jiko kwa mikono na miguu. Hapo nilinyamaza, kwani hapakuwa na neno la kufasiri, na nilipogeuka nikamwona Mama ameufunika mdomo kwa ukingo wa leso. Unakumbuka shangazi yangu na ile blanketi ya Muscat, iliyokaa miaka ndani ya nailoni yake haijafunguliwa? Sikumtaja. Mama naye hakumtaja. Lakini sote wawili tulikuwa naye pale kiwandani.

Mle ndani kuna pia Parvaty, mpishi wa hospitali, anayefukuzwa nyumbani kwake kwa kukosa karatasi za kuthibitisha kwamba alikaa hapo. Hilo la kukaa mahali umri wako wote kisha uambiwe leta karatasi, watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Arudi kijijini kwao Ratnagiri, kando ya bahari, na muvi yenyewe hapo yapumua. Ukinibana nichague moja tu, nachagua hii.

Dahomey nataka uitazame wewe hasa. Ni ya Mati Diop, dakika 68 tu, nayo ilishinda Berlin 2024. Yafuata vitu 26 vya wafalme wa Dahomey, vilivyoporwa na jeshi la Ufaransa 1892, vikarudishwa Benin Novemba 2021. Sanamu ya mfalme Ghezo, kitu nambari 26, yasema kwa Kifon ndani ya giza la kasha lake, yauliza mbona yaitwa kwa nambari. Nilikukumbuka ulivyonihadithia kigango cha babu yako, ule mti wa kuchonga wa kumkumbuka marehemu, kwamba hakihamishwi pale kilipochomekwa, huachwa kioze palepale, na kwamba mlipokwenda asubuhi mkakuta shimo. Nilikumbuka pia vigango 30 vilivyorudi Kenya kutoka Denver, Marekani, 2019. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Abomey-Calavi wabishana vikali: tushukuru, au tumetukanwa, maana vilivyochukuliwa ni maelfu? Mama alisikiliza mpaka wakanyamaza, kisha akaniuliza: "Na hao wangine, wawapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Nawi, ile ya msichana wa Turkana anayeozwa kwa kondoo 60, ngamia 8 na mbuzi 100 wakati amefaulu mtihani wake, umeiona tayari, sitakuchosha. Ila yule mtoto, Michelle Lemuya Ikeny, anavyosimama mbele ya babake! Sijaona mwigizaji wa umri wake mwenye macho kama yale.

Inshallah mwezi ujao nitashuka Malindi, kabla ya mfungo. Zote nimezitia kwenye flashi, na projekta naja nayo. Tafuta ukuta mweupe, usiwe na kidaka. Na mwambie mama yako asihangaike kutafuta miwani yake. Usiku wa kwanza tutaanza na ile ya paka, haina maandishi.

Ni mimi,
Shoga yako wa Langoni