Nimemwambia Mama nasomea udaktari

Cleveland, 19 Novemba 2024

Zuhura shoga yangu,

Assalaam alaykum. Najua, najua. Tangu Idi sijakuandikia, na simu zako mbili niliziona nikaziacha ziite mpaka zikachoka. Nitukane kwanza, halafu tuendelee, maana leo nimekuja na shida.

Shida ni Mama. Kumbe huko Columbus ameshatangazia watu kwamba nasomea udaktari. Tena si kwa kunong'ona: akina mama wa msikitini wamenisomea dua, na Mama mdogo wa Tanga kanitumia picha ya mguu wa mtu, una kidonda, hata salamu hakuna, kaandika tu, "Dokta, hii nini?" Mguu wenyewe sijui wa nani.

Na kosa ni langu. Siku nilipopata nafasi hii ya PREP, mpango wa kujifunza utafiti maabara baada ya digrii ya kwanza, Mama aliniuliza, "Ndio udaktari?" Nikamjibu, "Ndio huko huko, Mama." Alikuwa katoka shifti ya usiku kule anakohudumia wazee, kakaa kwenye ngazi anavua viatu, miguu imemvimba. Ningemwambia nini? Nilijaribu baadaye kwa Kiswahili cha vitabuni, nikamwambia nataka shahada ya uzamivu, yaani PhD, udaktari wa utafiti, si wa kutibu watu. Akanitazama. "Tumeingia Marekani kwa bahati nasibu ya grinkadi, halali kabisa, leo wewe ndio unataka kuzamia?"

Cheka tu. Lakini wewe ndiye utakayemweleza, kwa hiyo sikiliza vizuri. Mpango huu unalipiwa na NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya. Unachukua watu waliomaliza digrii ya kwanza ndani ya miaka mitatu iliyopita, raia au wenye grinkadi, wa kutoka kwenye makundi ambayo maabara za nchi hii huwaoni. Ni mwaka mmoja, wengine miwili. Robo tatu ya muda uko maabara, robo inayobaki ni masomo na kujiandaa kuomba PhD. Na tunalipwa posho. Hilo litangulize, kabla hajauliza. Hata PhD yenyewe, kwa fani hizi, ada hulipi na unapewa pesa ya kuishi, miaka mitano au sita. Hapo kwenye sita pita haraka.

Atakuuliza lile swali lake: "Digrii anayo, kafeli wapi hata arudishwe darasani?" Sikufeli, Zuhura. (Ile C ya kemia tuliizika wenyewe, usiifukue.) Ila wenzangu ambao baba zao ni maprofesa waliingia maabara tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu nyumbani waliambiwa: mwandikie profesa, mwambie unataka kujifunza. Mimi nilidhani maabara wanaingia walioitwa. Nilikuwa ghalani usiku, nabeba boksi, na hapa sisemi kwa msemo, ni maboksi kweli. Nimemaliza chuo na hakuna profesa hata mmoja anayeijua sura yangu. PhD inataka barua tatu za watu waliokuona ukifanya utafiti. Tatu! Ningeandikiwa na nani, msimamizi wa ghala? Angesema napanga vizuri.

Fomu sasa. Waliuliza kama nilikula chakula cha bure shuleni kwa miaka miwili au zaidi, kama mzazi wangu ana digrii, kama nilipata Pell, ile ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wa chuo wasio na uwezo. Nikajaza ndio, hapana, ndio. Mara ya kwanza maishani umaskini wetu unanipa maksi, na ile pitsa baridi ya kantini tuliyokuwa tukiisema imenilipa.

Mwezi wa tisa nusura nifungashe nirudi nyumbani. Nilikuwa nalea seli za HeLa, seli za binadamu zinazokuzwa kwenye chupa maabara. Chakula chake ni maji mekundu, kama juisi ya rozela iliyozidishwa maji. Jumatatu nafungua kabati la joto, chupa sita zote zimegeuka manjano, zimechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Bakteria. Nikamwaga jiki, nikatupa, nikaenda kulia kwenye chumba cha baridi, ambako kulia hakufai kwa sababu pua inaganda. Yule kaka anayenifundisha hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: kifuniko unapokifungua unakiweka wapi? Nilikuwa nakilaza kimetazama juu, halafu mkono wangu unapita juu yake kila mara. Hilo huwezi kulisoma kitabuni. Nikaanza upya, na safari hii zimekubali.

Unajua hizo seli ni za nani? Henrietta Lacks, mwanamke mweusi wa Baltimore. Zilichukuliwa mwaka 1951 bila yeye kuombwa ruhusa, akafariki mwaka huo huo, zenyewe zinaendelea kuzaana mpaka leo duniani kote. Watoto wake walikuja kujua zaidi ya miaka 20 baadaye. Mimi nazilisha Jumatatu na Alhamisi. Sijui kwa nini nakwambia. Labda hili ndilo la kumwambia Mama, yeye anayeingia na kutoka vyumba vya wagonjwa kila siku, kuliko mambo ya posho. Au labda yote mawili, posho kwanza.

Wiki iliyopita nilikuwa Pittsburgh kwenye ABRCMS, mkutano wa wanafunzi wanaoonyesha utafiti wao, nimesimama karibu na bango langu la utafiti kama muuza vitenge, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Viatu vyako vyeusi unavyovitafuta ninavyo mimi. Maombi mengi ya PhD yanafungwa tarehe 1 Desemba, usaili ni Januari mpaka Machi, na ukikubaliwa una mpaka 15 Aprili kuamua. Mama akisikia usaili ataelewa kazi. Mwache aelewe kazi.

Sasa, utampigia? Jumapili anatoka shifti saa moja asubuhi, mwache anywe chai kwanza. Wewe anakusikiliza, wewe uko famasi, una koti jeupe la kueleweka. Utaanzia wapi? Na ule uongo wangu utausemaje, au tuuite kutoelewana? Mtihani wako wa leseni lini? Khadija kweli anaolewa na yule yule?

Na mguu, nikikutumia picha utautazama? Nimemwambia Mama mdogo ampeleke mwenye mguu Bombo, hospitali ya hapo Tanga. Kanijibu, "Dokta mzima, unanituma Bombo?"

Ni mimi wako,
Mwanaidi