Kwa nini hatufungi tepu kwenye waya wa chaja unaopata moto

Kuna mteja ameondoka kwetu kwa hasira. Alileta chaja ya laptopu iliyokuwa ikipata moto shingoni, pale waya unapotokea kwenye boksi la adapta, akataka tuizungushie tepu tu aende zake. Tukakataa. Tukamwambia tutakata kipande kilichoungua na kuunga upya, au tubadilishe waya mzima. Akaona tunamtengenezea gharama. Si wa kwanza kutuambia hivyo, kwa hiyo tueleze tunachokikuta kila tukichana waya wa namna hiyo.

Mle ndani mna nyuzi nyingi za shaba, nyembamba kama nywele, zimesokotwa pamoja. Chaja ya wati 65 yenye volti 19 hupitisha ampia 3.4 hivi, ya wati 90 hufika 4.7. Mzigo huo umepimwa kwa nyuzi zote. Ukiukunja waya mahali palepale kila siku, nyuzi zinakatika moja moja, na zilizobaki zinabeba mzigo uleule wa mwanzo. Joto lote linarundikana kwenye kipande kidogo kisichozidi urefu wa ukucha. Plastiki ya kawaida ya waya huhimili joto la Sentigredi 70 au zaidi kidogo. Ikipita hapo inalainika, inaanza kunata, inageuka rangi, na siku moja chanya na hasi zinagusana.

Wengi hutujibu kwamba chaja ina ulinzi, itajizima yenyewe. Ni kweli kwa shoti kamili: taa inapepesa au inazimika kabisa. Waya uliokatika nusu si shoti. Umeme unaopita haujazidi kiwango, kwa hiyo adapta haina inachokiona. Inaendelea kusukuma na shingo inaendelea kuiva. Hapo ndipo tunapoogopa, maana chaja nyingi tunazoletewa zimekuwa zikilala kitandani, chini ya blanketi au mto.

Tepu haiungi uzi hata mmoja. Inafunika joto lisitoke, inaficha plastiki inayoungua, na gundi yake yenyewe huachia ikipata moto. Tumewahi kubandua tepu za tabaka kwa tabaka kwenye chaja moja na kukuta shaba imesokotwa kwa vidole, nyeusi, na ganda la ndani limekuwa mkaa. Mwenyewe alisema ilikuwa "inafanya kazi vizuri tu".

Mwingine alijiungia nyumbani chaja yenye pini nyembamba katikati ya kichwa. Pini hiyo huiambia laptopu chaja ni ya wati ngapi, na ina waya wake. Yeye aliunga miwili, wa tatu akauacha. Laptopu ikawaka ila haichaji. Akanunua betri mpya kwingine, ikawa vilevile, ndipo akaja kwetu. Betri ya zamani haikuwa na kosa lolote. Na angeugusisha waya ule na volti 19, angeweza kuunguza mazabodi, yaani bodi kuu ya laptopu.

Sasa bei. Tunakata mpaka tupate shaba inayong'aa, kwa sababu shaba iliyokwisha kuungua haishiki risasi ya kulehemia. Tunalehemu, kila waya tunauvalisha mpira wake, na viungo tunavipishanisha visikae sambamba. Kisha tunairudishia shingo kinga ya kukunjika. Baada ya hapo chaja inabebeshwa mzigo, laptopu ikiwa inafanya kazi na kuchaji, nasi tunaipapasa na kuipima mpaka turidhike. Tukilazimika kufungua boksi, kazi inakuwa nzito zaidi, kwani limegundishwa. Tena kwenye umeme wa volti 230, kapasita kubwa ya ndani, kifaa kinachohifadhi umeme, hufikia volti zaidi ya 300 na huweza kubaki na chaji hata ukishachomoa ukutani. Usilifungue mwenyewe. Muda huo wote ndio unaolipia, na hatuoni haya kuudai.

Hata kampuni kubwa zimekutana na jambo hili. Mwaka 2014 HP iliita zirudishwe nyaya za chaja zinazochomekwa ukutani, zipatazo milioni 6, zilizouzwa Marekani na Kanada, kwa kupata moto na kuyeyuka. Mwaka 2016 Microsoft ikafanya hivyo kwa nyaya za Surface Pro, ikieleza kwamba huharibika zikizungushwa kwa kukazwa mno, kusokotwa au kubanwa kwa muda mrefu. Basi usiuzungushie waya kwenye boksi ukaubana. Kunja duara pana, lililolegea.

Boksi kuwa na uvuguvugu ni kawaida. Waya kuwa wa moto mahali pamoja, hapana. Moto ukiwa kwenye kichwa, pale kinapoingia, mara nyingi tundu la laptopu limelegea, na hapo kununua chaja nyingine ni kutupa pesa. Ndiyo maana tunaomba uje na laptopu pamoja na chaja yake. Tutapima tundu kwanza kabla hatujagusa waya, na ukiona dalili hizo kabla hujafika kwetu, zima swichi ya ukutani, chomoa, uache ipoe bila kuifunika.