Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka 2025: Damu Yetu Haijauzwa

Ndugu wanachama, wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari zenu. Hii ndo taarifa ya mwaka ya chama chetu cha tunaoishi na homa ya ini B. Naiandika kwa sababu siku ya mkutano mkuu tulikuwa watu 17 na chama kina watu 86, akidi ni 29, sasa ningemsomea nani, viti?

Ya kawaida mnayajua. 28 Julai tuliadhimisha Siku ya Homa ya Ini Duniani, siku aliyozaliwa Baruch Blumberg aliyegundua kirusi cha B, tukapima watu sokoni na waliokutwa salama tukawaelekeza chanjo. Semina ya lishe ilifanyika, tukaongelea sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga, maana ikikutana na kirusi B hatari ya saratani ya ini inapanda sana, na watu waliokufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara mwaka 2016 hakuna aliyewasahau. Wagonjwa tuliwatembelea, msiba mmoja tulizika.

Fedha: ada ni 24,000, waliolipa 31, jumla 744,000. Bakaa na michango 550,000. Matumizi 1,180,000. Zimebaki 114,000. Ada ni elfu mbili tu kwa mwezi jamani, na wanaodaiwa ndo hao hao wanaouliza mbona chama hakimpeleki mtu India kupandikizwa ini. Ni kweli ndugu yako anaweza kukatiwa kipande cha ini lake ukapewa wewe, na ini lina sifa hiyo ya kuota tena, ila upasuaji ule ni mamilioni kwa mamilioni na ukirudi unakunywa dawa maisha yako yote. Kwa laki moja na kumi na nne?

Sasa suala la damu. Mwezi wa tatu kamati iliruhusu watafiti waje kuwaomba wanachama washiriki utafiti wa homa ya ini B, na tangu hapo nasikia mwenyekiti kauza damu zetu, mpaka bei nimetajiwa, elfu hamsini kwa kila kichupa. Sijala hata mia. Nauli kila mtu alipokea mkononi mwake na kusaini mwenyewe, karatasi zipo kwa katibu, jina langu halimo. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, nilikidai mimi kabla mtu hajafunga mkono. Fomu ya ridhaa niliisoma usiku mbili nikairudisha, sababu iliandikwa "sampuli zitahifadhiwa" bila kusema wapi wala mpaka lini, wakaenda kurekebisha. Nani mwingine aliisoma?

Mnasema ningeitisha mkutano kwanza. Niliitisha, mkaja 12. Ningesubiri akidi mpaka leo tungekuwa tunasubiri, na watafiti wangeenda kwingine.

Na niseme kwa nini niling'ang'ania. Kuna hesabu inaitwa APRI, daktari anachukua kimeng'enya cha ini na chembe sahani, zile za kugandisha damu, anapata namba, ni njia mojawapo ya kujua nani aanze dawa. Hesabu hiyo ilitengenezwa Marekani, ikachapishwa 2003, kwa wagonjwa wa homa ya ini C, siyo sisi wa B. Mwongozo wa zamani ulisema namba ikizidi 2 ndo uanze dawa, halafu watafiti wakakusanya takwimu za wagonjwa wa B wa nchi za Afrika wakaona 2 inawaacha watu wengi mno wenye ini lililokwisha kuharibika. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likashusha mpaka 0.5. Wale Waafrika wangekataa kutoa damu kama mnavyotaka nyinyi, tungekuwa bado tunaambiwa rudi baada ya miezi sita.

Mwenzetu mmoja, simtaji, alikuwa anarudishwa nyumbani hivyo hivyo miaka miwili. Siku ile ya utafiti alilala kitandani, akapandisha shati, wakampaka jeli ya baridi ubavuni kulia, mashine ya kupima ugumu wa ini ikagonga mara kumi, tik tik, ikasoma 14. Ini limeshakuwa gumu. Hakuwa anaumwa popote, hata macho hayajawahi kuwa njano. Wiki ile ile akaanza tenofoviri, dawa ya kukizuia kirusi, kidonge kimoja kwa siku. Nilikuwa nimesimama pembeni yake nimemshikia koti. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ningepewa nafasi ningeufanya tena.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kupata mfadhili wa kipimo cha wingi wa virusi maana wengi kinatushinda bei, na ikiwezekana tupate ofisi. Watafiti nimewaambia majibu wasiyatume kwangu, waje wenyewe wakae mbele yenu muwaulize mnachotaka. Tarehe mtatangaziwa. Tufike 29 safari hii, na mhazini atakuwa mlangoni na kitabu cha risiti.