Fundi, niulize faili zangu kabla ya kuniwekea Linux

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi kompyuta wa jijini Mbeya, hasa wenye vibanda vya Mwanjelwa na Kabwe, kuhusu namna wanavyosakinisha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotumika badala ya Windows, katika kompyuta za wateja wao.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 ilipokoma, wenye laptop za mtumba tumebaki njia panda, kwa kuwa Windows 11 inadai kichakata cha miaka ya karibuni pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, vitu ambavyo laptop nyingi kuukuu hazina. Wapo mafundi wanaotushauri tununue nyingine, wapo wanaotupigia Windows ya kuchakachua, na sasa wameanza kuonekana wachache wanaotuwekea Linux. Hawa wa mwisho nawaunga mkono, na ndio hao hao ninaowalalamikia.

Laptop yangu ina RAM ya GB 4, na ilikuwa ikiwaka polepole kiasi cha kuniruhusu kuchemsha chai. Fundi niliyempelekea, ambaye sitamtaja, alichomeka flashi, akachagua kipengele cha kufuta diski yote, na baada ya muda akanigeuzia kioo akisema, “Mwalimu, sasa inaruka.” Ilikuwa inaruka kweli. Nilipomuuliza ilipo folda ya alama za Kidato cha Tatu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama sikuwa na nakala kwingine. Swali hilo lilipaswa kutangulia flashi.

Kosa hilo silitupii Linux, kwani barua hii hii naiandika kwa LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, katika laptop ile ile. Ubuntu na Linux Mint, matoleo ya Linux ambayo ndiyo mafundi wengi huanza nayo, huweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski hata kidogo. Fundi akishaiandaa flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus, huwasha kompyuta huku akibonyeza F12, F9 au Esc kulingana na aina yake, na mteja akakaa hapo hapo kibandani akajaribu sauti, printa, projekta na Wi-Fi kabla ya jambo lolote kufutwa. Mimi sikupewa nafasi hiyo, ndiyo maana niligundua nikiwa nimeshafika nyumbani Uyole kwamba Wi-Fi haishiki. Kadi yake ni ya Broadcom, na programu ya kuiendesha haikuwemo katika mfumo. Ilinibidi niunganishe simu kwa waya wa USB ili nipate intaneti ya kuipakulia. Dakika tano za majaribio zingelionyesha hilo mapema.

Mteja anayetaka Windows yake ibaki upande mmoja wa diski naye asikilizwe, hasa anayetumia programu ya uhasibu isiyotengenezwa kwa ajili ya Linux. Ila kugawa diski si kazi ya kufanywa wakati wa mvua za Machi kwa laptop yenye betri iliyokufa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi, faili zinaweza kuharibika.

Kuhusu gharama, faili la kusakinishia Linux Mint linakaribia GB 3, na kwa bei za bando hilo si jambo dogo kwa mtu mmoja. Lakini leseni yake inaruhusu kunakili, kwa hiyo fundi mmoja akishapakua anaweza kuwagawia wenzake wa kibanda hadi kibanda bila kuvunja sheria. Atoze ufundi wake, hilo ni haki yake.

Ninachoomba ni daftari tu. Kabla fundi hajabonyeza kitufe cha kufuta, mteja aandike kwa mkono wake kwamba faili zake zimehifadhiwa nje ya kompyuta hiyo na amezifungua akaziona, kisha atie saini. Baadhi ya alama zangu nimeziandika upya kutoka kwenye karatasi za mitihani ambazo wanafunzi walikuwa bado nazo. Za wanafunzi kumi na mmoja sijazipata hadi leo.

Mwalimu wa sekondari,
Uyole, Mbeya.