Taa za hoteli zinawapoteza watoto wa kasa

Mhariri,

Hoteli nyingi za pwani siku hizi zina kibao kinachowaomba wageni wasiguse viota vya kasa. Vizuri. Ila nyuma ya kibao hicho utakuta taa nyeupe ya bustani ikimulika ufuko usiku kucha, na hiyo ndiyo muuaji.

Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60 hivi. Watoto huchomoza kwa pamoja, aghalabu usiku, mchanga wa juu ukishapoa. Kinachowaonyesha njia ni macho: huukimbilia mwanga ulio chini kabisa kwenye upeo, na kukipa kisogo kiza kilichoinuka, yaani vichaka na minazi. Pasipo taa, upande wa mwanga ni bahari. Washa taa nyuma ya minazi uone alama zao asubuhi: zimezungukazunguka kama uzi uliovurugika, zimeishia bustanini au barabarani. Aliyechelewa maji hukaushwa na jua au huliwa na kunguru na kaa. Hata anayefika huwa amekwisha kutumia akiba ya kiini cha yai iliyo tumboni, ambayo angeitumia kuogelea. Majini huyakabili mawimbi, kisha huongozwa na usumaku wa dunia.

Wenye hoteli hudhani kubadili balbu kunatosha. Balbu ya LED inayouzwa kama ya manjano bado ina buluu ndani yake, na buluu ndiyo inayowavuta zaidi. Inayofaa ni ya rangi ya kaharabu (kati ya manjano na chungwa) au nyekundu tupu, isiyotoa mwanga wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 560, yaani usio na buluu wala kijani. Hiyo nayo ukiitundika juu ya nguzo, umefanya kazi bure. Ishushe chini ya goti, izibe upande wa bahari, na vichaka vya mbele msivifyeke kwa ajili ya mandhari.

Kipimo ni rahisi. Usiku usio na mwezi, chuchumaa pale maji yanapokomea yakijaa. Ukiiona balbu, au ukaona kivuli chako mchangani, taa hiyo haifai.

Na mlinzi akiwakuta watoto wa kasa bustanini, asiwatie kwenye ndoo ya maji. Awaweke kwenye mchanga wenye unyevu, awafunike, kisha usiku uleule awaachie kwenye ufuko wa giza watambae wenyewe.

Msomaji wenu,
Malindi