Jumamosi: hesabu za mionzi na uvimbe wa ubongo

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa 2 usiku tunaanza ile mada iliyoahirishwa mara mbili (ya pili ni mimi, umeme ulikatika, mniwie radhi).

Tunaangalia glioblastoma, uvimbe mkali wa ubongo. Mara nyingi mgonjwa hupewa grei 60 za mionzi (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi): 2 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6. Mbona zisitolewe kwa mkupuo? Kwa sababu dozi kubwa ya mara moja huumiza mno sehemu za ubongo zisizo na ugonjwa zilizo jirani.

Shikeni kikokotoo. Sehemu ya seli zinazobaki hai baada ya dozi d ni e (namba 2.718 hivi) kwa kipeo cha −(αd + βd²); α na β zinaonyesha seli zinavyoathiriwa na mionzi. Wekeni α = 0.3, β = 0.03, d = 2. Mtapata 0.49 hivi, karibu nusu. Sasa rudieni mara 30 (siku 5 kwa wiki 6) muone. (Namba za mfano tu, si za mgonjwa yeyote.)

Halafu tutaingia kwa Kristin Swanson, mtafiti wa hesabu za saratani, na wenzake, Marekani. Wanakadiria namba mbili kutoka picha za MRI za kila mgonjwa: kasi ya seli kuzaliana na kasi ya kusambaa. Hii ya kusambaa ndiyo inayoninyima usingizi, maana seli zilizojipenyeza mbali hazionekani kwenye picha. Ukingo unaouona si mwisho wa uvimbe.

Anayejua kuchora grafu kwa simu anicheki inbox leo. Na vipeo mpitie wenyewe, siturudishi kidato cha tatu 😄